Siku ya Kwanza Isiyouma: Vidonge vya Maumivu na Seli za Ini



Katika toleo hili tunaweka kando habari za wizi wa mifugo na ajali za bodaboda, tuzungumzie kitu kilichomo karibu katika kila nyumba, nacho ni kidonge cha maumivu. Huenda msomaji akauliza polisi wana nini na vidonge. Sababu tunayo. Mtu anapomeza vidonge kupita kiasi, iwe kwa kutojua au kwa uchungu wa moyo, jamaa zake huwaza mambo mawili kwa pamoja: hospitali na polisi. Wakiwaogopa polisi, hospitali huahirishwa hadi kesho. Kwa dawa tunayoieleza leo, kesho hiyo yaweza kumgharimu mgonjwa uhai wake, na tunataka kila mkazi wa mpakani aelewe kwa nini.

Dawa yenyewe ni parasetamoli. Wengi huiita Panadol, ingawa hilo ni jina moja tu la kibiashara kati ya mengi. Ndugu zetu waliotoka Kongo na Burundi wameizoea kwa majina ya Doliprane na Efferalgan. Wenye jamaa waliohamishiwa Marekani hupokea vichupa vya Tylenol, na juu ya kichupa hicho neno parasetamoli halionekani kabisa, kwa kuwa Wamarekani huiita dawa hiyohiyo asetaminofeni. Imo ndani ya Panadol Extra pamoja na kafeini, imo katika dawa ya maji ya watoto iitwayo Calpol, na imo katika vidonge vingi vya mafua vinavyouzwa madukani bila mnunuzi kuelezwa.

Hatuandiki ili kuichafua dawa hii. Hushusha homa, hutuliza maumivu, haiumizi tumbo kama zifanyavyo dawa nyingine za maumivu, na wajawazito huandikiwa. Kidonge cha kawaida kina miligramu 500. Mtu mzima mwenye afya humeza kimoja au viwili, akangoja saa 4 hadi 6 kabla ya kurudia, wala asipite vidonge 8 katika mchana na usiku mmoja. Mtu mwembamba sana, mwenye njaa ya muda mrefu, mlevi au mgonjwa wa ini hupaswa kupungukiwa na hapo, naye aulize kwa mganga. Hesabu hiyo ni ya kidonge cha miligramu 500. Ipo Doliprane ya miligramu 1000, ambayo moja yake ni sawa na Panadol mbili, na ipo Tylenol ya miligramu 650. Anayehesabu vidonge bila kusoma miligramu hajahesabu kitu.

Kwa mtoto hesabu hufuata uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 100 hadi 150. Nusu ya kidonge cha mtu mzima, ambayo akina mama wengi huiona kuwa kipimo cha huruma, ina miligramu 250. Mtoto huyo akipewa nusu hiyo mara nne kwa siku, kwa siku tatu za homa, ini lake hubeba mzigo ambao mama hakuukusudia.

Kuzidisha kwa bahati mbaya huanza hivi. Tuchukue mfano wa mama alimaye kibarua upande wa Juru, anaumwa na jino. Daktari wa meno yuko mbali na nauli haipo. Asubuhi humeza vidonge viwili, mchana viwili, jioni viwili, na usiku jino likimkosesha usingizi huongeza viwili au vitatu. Siku ya pili jirani humpa Doliprane iliyobaki nyumbani. Siku ya tatu mafua yanamwingia, ananunua vidonge vya mafua vilivyofungwa katika karatasi isiyo na jina. Mama huyu hakumeza vingi kwa mkupuo hata mara moja. Alitafuta nafuu ya jino tu, na kwa siku tatu amevuka mpaka bila kuuona.

Sasa tuingie ndani ya mwili. Ini hukaa upande wa kulia, chini ya mbavu, na kwa mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Kila tunachomeza hupita kwake kukaguliwa. Parasetamoli ikifika katika kipimo cha halali, sehemu kubwa sana hufungwa na viambata vya ini na kutolewa katika mkojo bila madhara. Sehemu ndogo, chini ya kumi kwa mia, hugeuzwa na vimeng'enya vya ini kuwa kitu kingine, sumu ambayo wataalamu huiita kwa kifupi NAPQI. Kwa hiyo hata aliyemeza kidonge kimoja ametengeneza sumu kidogo. Haidhuru, kwa sababu ini lina walinzi.

Mlinzi huyo huitwa glutathioni. Wasomaji wanaovuka Mto Kagera pale Kikagati kwenda Murongo upande wa Tanzania wanaweza kuifikiria kama askari wa kituo cha mpaka, lakini yenye sharti moja zito: kila askari humkamata mhalifu mmoja, humfunga pingu, huondoka naye, na harudi tena kituoni. Wahalifu wakija mmoja mmoja, kambi huleta askari wapya na mpaka hubaki salama. Wakija kundi kubwa, kituo huishiwa. Hivyo ndivyo inavyokuwa parasetamoli inapozidi. Njia za kawaida za kuifunga hujaa, nyingi zaidi hugeuzwa kuwa NAPQI, na glutathioni hutumika kwa kasi kuliko inavyotengenezwa. Akiba yake ikishuka hadi chini ya theluthi moja hivi, sumu hupita bila kuzuiwa na kuanza kushika protini za seli yenyewe.

Hapa lazima tuseme jambo linalotuhusu sisi wa Nakivale kuliko watu wa mjini. Glutathioni hutengenezwa kutokana na protini tunayokula. Mwenye njaa ya siku nyingi ana akiba ndogo. Migao ya chakula katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda imepunguzwa mara kadhaa tangu mwaka 2020, na wapo wanaolala na uji peke yake. Vilevile mnywaji wa kila siku, wa waragi au wa tonto, ana vimeng'enya vingi zaidi vya kuitengeneza sumu, na mara nyingi hali vizuri. Basi kipimo ambacho mtu aliyeshiba angekivumilia chaweza kumdhuru mwenzake. Ushauri wa kumeza dawa baada ya kula tumeuzoea hata hatuusikii; kwa mwenye kufunga au mwenye njaa na homa ya siku tatu, una uzito wake.

Sumu iliyopita huenda wapi? Huenda hasa kwenye mitokondria. Hizi ni sehemu ndogo mno zilizomo ndani ya seli, na seli moja ya ini ina takribani elfu moja hadi mbili. Ndizo zinazochoma chakula kwa oksijeni na kutengeneza ATP, nguvu ambayo kila kazi ya mwili huitumia. Wakazi wa Kikagati wana mfano mbele ya macho yao, mtambo wa umeme uliojengwa kwenye Mto Kagera. Maji huzuiwa upande mmoja, nayo yakipitishwa katika njia iliyopangwa huzungusha mashine. Mitokondria hufanya kazi ya kufanana na hiyo. Zina utando wa nje na wa ndani. Chembe za hidrojeni zenye chaji hurundikwa upande mmoja wa utando wa ndani, na zinaporudi kupitia mlango wake huzungusha kimeng'enya kinachotengeneza ATP.

NAPQI ikishika protini za mitokondria, kazi hii huvurugika. Oksijeni iliyopaswa kuishia kuwa maji huvuja ikiwa katika hali ya ukali, huungana na oksidi ya naitriki na kuwa peroksinitriti, ambayo huunguza kila kilicho jirani. Seli ikihisi hatari huamsha protini ya tahadhari iitwayo JNK. Ajabu ni kwamba tahadhari hiyo huenda kwenye mitokondria zilezile zilizojeruhiwa na kuzidisha uvujaji. (Askari wenzetu waliowahi kuona king'ora kikiongeza vurugu sokoni wataelewa.) Mwishowe matundu hufunguka katika utando wa ndani, na ule mrundikano wa chembe humwagika kama bwawa lililopasuka. ATP haitengenezwi tena. Mitokondria huvimba, utando wa nje hupasuka, na protini zilizokuwa zimefungiwa humo hutoka, huingia katika kiini cha seli na kuikata DNA vipande vipande. Seli isiyo na nguvu haiwezi kujirekebisha. Hupasuka, na vilivyomo humwagikia katika damu. Wa kwanza kufa ni seli zinazozunguka mshipa wa kati wa kila kijisehemu cha ini, maana huko ndiko viliko vingi vya vile vimeng'enya vinavyoitengeneza sumu.

Msomaji aangalie sana jambo moja katika maelezo haya: hayatokei kwa dakika. Glutathioni huisha kwa saa kadhaa, mitokondria huharibika kwa saa nyingine, seli hufa baadaye. Kwa muda wote huo mgonjwa anaweza kuwa ameketi uani akizungumza. Siku ya kwanza huenda akahisi kichefuchefu, akatapika, akatokwa na jasho, au asihisi lolote. Siku ya pili kichefuchefu hupungua na watu wa nyumbani hushukuru. Wakati huohuo vipimo vya damu vinapanda na maumivu huanza chini ya mbavu za kulia. Siku ya tatu na ya nne ndipo macho hugeuka manjano, fahamu huchanganyika, damu hutoka ovyo, figo hulegea. Kifo kinachokuja kwa njia hii huja polepole, na mgonjwa aliyejuta tangu siku ya kwanza hukiona kikija.

Tumegundua kwamba watu wetu huogopa zaidi sumu inayoonekana. Mtu akinywa dawa ya kuulia wadudu wa shamba, povu humtoka, na kijiji kizima humbeba mbio. Aliyemeza vidonge huonekana mzima, basi huambiwa alale, itaisha.

Madaktari wenyewe hawakulijua hili zamani. Parasetamoli ilikuwa imekwisha kuuzwa madukani Ulaya na Marekani kwa miaka kumi hivi wakati madaktari wa Edinburgh, nchini Uskoti, walipoandika mwaka 1966 kuhusu wagonjwa walioharibika ini kwa kuizidisha. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani walieleza kazi ya glutathioni. Maelezo hayo ndiyo yaliyofungua mlango wa tiba: kama askari wa mpaka wameisha, basi walete wengine. Kabla ya miaka ya 1970 kwisha, dawa iitwayo asetilisisteini ilikuwa ikitumika Edinburgh. Huingizwa kwa dripu au kwa kunywa, nayo hulipa ini malighafi ya kutengeneza glutathioni mpya. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Ikitolewa ndani ya saa 8 tangu vidonge kumezwa, karibu kila mgonjwa ini lake huokoka. Baada ya hapo faida hupungua kadiri muda unavyopita, ingawa haiishi kabisa, na hata aliyechelewa siku nzima apelekwe. Tuihesabu kwa saa zetu. Aliyemeza saa 2 usiku, saa 8 zake zinamalizika saa 10 alfajiri, kabla ya basi la kwanza kuondoka. Kutoka Nakivale hadi Mbarara ni mwendo wa kilometa 60 hivi, sehemu yake ni barabara ya vumbi. Si kila kituo kidogo cha afya kina dawa hii au kipimo cha damu kinachohitajika. Kwa hiyo safari ianze usiku uleule, kwanza kwenye kituo cha afya kilicho karibu, ili wahudumu waandike rufaa ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara bila kungoja dalili.

Yako mambo yanayopoteza saa hizo. Moja ni maziwa. Katika nchi hii ya Ankole maziwa ni heshima na ni dawa ya mengi, lakini hayaondoi parasetamoli tumboni wala hayaongezi glutathioni kwa haraka inayotakiwa. Mkaa uliosagwa wa jikoni nao si ule mkaa maalumu unaotolewa hospitalini katika saa ya kwanza au ya pili. Kumtia mtu vidole kooni ili atapike humletea hatari ya kupaliwa. Hata dua, ambayo hatuikatazi, yaweza kusomwa njiani.

Linalopoteza saa nyingi zaidi ni uongo wa huruma. Mgonjwa hufikishwa kituoni, jamaa humwambia mhudumu kuwa ana malaria, kwa aibu au kwa kutuogopa sisi. Mhudumu, akiamini homa, anaweza kumwandikia parasetamoli. Tafadhalini, wazee wetu, mama zetu na vijana, semeni kweli: amemeza nini, vingapi, saa ngapi, kwa mkupuo mmoja au kwa siku kadhaa, na kama amekunywa pombe. Bebeni karatasi, kichupa au pakiti tupu iliyookotwa chini ya kitanda. Saa ya kumeza ndiyo daktari ataitumia kuamua lini apime damu, na kipimo hicho hakisomeki vizuri kabla ya saa 4 kupita.

Kuhusu hofu ya polisi, hatutaki kuzungukazunguka. Sheria ya Kanuni ya Adhabu ya Uganda inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na wasomaji wetu wanalijua hilo. Lakini sheria hiyo haimzuii mganga kutibu, wala haihitaji fomu yoyote ya polisi itangulie dripu. Mtu aliyemeza vidonge ni mgonjwa, na saa 8 zake ni za madaktari. Mwenyekiti wa LC1 au kiongozi wa kamati ya wakimbizi anayeitwa usiku asianze kwa kuandika maelezo wala kwa kuuliza nani aligombana na nani. Atafute gari au pikipiki. Ikikosekana, apige 999 au atume mtu kwenye kituo cha polisi kilicho karibu, aeleze kuwa kuna mgonjwa wa sumu.

Tunaitwa kwenye magomvi ya nyumbani mara nyingi, nasi tumeona jinsi vidonge vinavyoshikwa kwa ghafla, katika hasira ya robo saa, na mtu ambaye saa moja baadaye anataka kuishi. Kilichomo ndani ya nyumba saa hiyo ndicho kinachoamua mengi. Uingereza ililiona hili: mwezi Septemba mwaka 1998 ilipunguza idadi ya vidonge vya parasetamoli vinavyoruhusiwa katika pakiti moja, na katika miaka 11 iliyofuata vifo vilivyotokana navyo Uingereza na Wales vilipungua kwa takribani asilimia 43. Watu hawakuwa wameacha kuwa na huzuni. Vidonge tu vilikuwa vichache mkononi.

Sisi hatuna haja ya kungoja sheria kama hiyo. Wenye maduka ya dawa waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa wanaweza kuandika jina la dawa na miligramu zake juu ya kila bahasha, wakimuuliza mnunuzi kama ana dawa nyingine ya homa au mafua nyumbani. Wenye nyumba wasiweke kopo la vidonge mia moja lililotumwa na jamaa wa ng'ambo juu ya meza. Libaki na mtu mzima mmoja, ndani ya sanduku lenye kufuli, mbali na watoto na mbali na aliye katika majonzi. Naye aliye katika majonzi asiachwe peke yake usiku huo. Akae na mtu anayemwamini, na asubuhi wahudumu wa afya wa kijiji wamwelekeze kituoni, ambako anaweza kupewa rufaa ya idara ya magonjwa ya akili katika hospitali ya Mbarara.

Wengi wanaotibiwa mapema hupona kabisa, maana ini, tofauti na viungo vingine vingi, huotesha seli mpya mahali pa zilizokufa. Baada ya wiki kadhaa vipimo hurudi kawaida. Mgonjwa wa namna hiyo anaporudi kutoka Mbarara, jirani asimwite kwa jina la alichokifanya. Na akiumwa na kichwa tena mwezi ujao, amuulize daktari aliyemtibu kwanza kabla ya kumeza hata kidonge kimoja.